Vali Iliyonibakiza Nyuma ya Kreta

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika spana. Nilifika asubuhi kwenye gereji moja hapa Karatu, nimevaa ovaroli niliyoishona mwenyewe nikiwa chuo cha ufundi, nikitegemea kwamba nitaonyeshwa benchi langu na zana zangu. Foremani akanipeleka nyuma ya lori la mahindi lililokuwa likinguruma uani, akanisimamisha karibu na bomba la eksozi.

"Vuta hewa," akasema.

Nikavuta. Nikakohoa hadi machozi yakanitoka.

"Umesikia harufu gani?"

"Ya moshi, Foremani."

"Kila gari lina moshi. Nimekuuliza harufu. Rudi tena."

Nilirudi mara nyingi siku ile. Hadi kufika saa ya chakula nilikuwa nimejifunza kwamba moshi mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa, yameshindwa kuungua yote. Moshi mweupe ni mafuta ambayo hayakuwaka kabisa, au maji yanayopenya kuingia kwenye silinda. Na moshi wa bluu ni injini inayokula oili yake yenyewe. Kila mmoja una harufu yake, na mtu akizoea anaweza kuutambua akiwa amefumba macho. Foremani alikuwa mtu mfupi asiyecheka ovyo. Jioni aliniambia, "Wenzako watakimbilia boneti. Wewe anza na mkia. Gari husema ukweli kwa nyuma."

Naandika haya kwa ajili ya vijana wanaoingia kwenye ufundi wa dizeli sasa, wenye mashine za kusoma kompyuta ya gari na simu zenye majibu ya kila swali. Sina ubishi na mashine hizo. Nataka tu mjue kazi hii ilifanywaje upande wetu, na inamfanya mtu awe nani.

Jina langu ni Veronika, mzaliwa wa kijiji cha Buger, wilaya ya Karatu. Nyumbani tulilima mahindi na maharage, na baba yangu alikuwa na plau ya ng'ombe, hakuwa na injini hata ya kusaga. Nilipomweleza kwamba nimepata kazi gereji, aliuliza nani atamwoa mwanamke anayenuka dizeli. Hakusema kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayetazama juu na kuuliza kama mvua itanyesha. Jibu lilikuja taratibu, kwa miaka mingi.

Kutoka gereji ile nilichukuliwa na shamba la kahawa upande wa Oldeani, kutunza matrekta na mashine ya kukoboa. Meneja wa Shamba alinipa chumba kwenye kambi ya vibarua, katikati ya watu wa Singida, Dodoma na Mbulu. Kelele za pale sijazisahau: watoto, redio, mtu anapiga zeze, mwingine anagombana na jirani kuhusu kuku. Nilidhani kelele zile zinanichosha. Injini za wakati ule zilikuwa na tabia njema. Mafuta, hewa na mgandamizo, basi. Hazikuwa na nyaya za kuziuliza maswali. Ukisafisha nozeli, ukabadilisha vichujio na ukaweka vali kwenye vipimo vyake, trekta lilikushukuru msimu mzima.

Kisha kampuni moja ya watalii ilitafuta mafundi wa kituo chake cha ndani ya hifadhi ya Ngorongoro, nyuma ya kreta, ng'ambo ya bonde la Malanja. Nikaomba, nikapata. Meneja wa Usafirishaji, aliyekaa ofisi ya Karatu, alinisomea masharti akiwa hanitazami usoni: kazi kituoni, likizo kwa zamu, familia haziruhusiwi kuishi kule.

"Una familia?" akauliza.

"Bado, Meneja."

"Afadhali," akasema, akaweka mhuri.

Kituo chetu kilikuwa karakana ya mabati, mapipa ya mafuta, vyumba vya wafanyakazi, na chumba cha redio ya upepo, ya kuzungumza na ofisi ya Karatu. Karibu kulikuwa na kambi ya wageni, iliyofungwa kila masika. Baridi ya pale haifanani na ya Karatu. Ukungu ulikuwa unashuka kutoka ukingo wa kreta asubuhi na kukaa juu yetu kama blanketi bichi, na mara nyingine ulisikia nyati wanatafuna majani nyuma ya ukuta bila kuwaona. Tulikuwa mafundi watano chini ya Mkuu wa Karakana.

Mkuu alikuwa Mnyaturu, mwana wa kibarua aliyekuja zamani kulima kahawa. Alizaliwa huku na kukulia huku, lakini watu walipomuuliza kwao ni wapi alijibu Singida, mahali alipokwenda mara chache sana. Mkewe alikuwa amefariki, na binti yao wa pekee ameolewa Karatu. Hakuwa mwongeaji. Sisi sote alituita "Fundi", bila jina, na sisi tulimwita "Mkuu", bila jina. Kwa miaka mingi ndivyo tulivyoishi.

Magari mapya yalipoletwa, dereva wa kwanza kulalamika alikuwa Lohay, Mwiraqw mwenzangu, mtu mpole ambaye gari lake lilikuwa safi kuliko chumba chake. Aliingia karakana kofia mkononi.

"Dada fundi, gari limechoka. Nikikanyaga linatoa moshi kama tanuri la matofali, halafu halipandi. Likiwa sailensa linatetemeka mpaka wageni wananiuliza kama linaumwa."

Sailensa, kwa lugha ya gereji, ni injini kunguruma taratibu bila kukanyagwa mafuta. Nilikwenda nyuma, nikavuta hewa. Moshi mweusi, mkavu, wa kukwaruza koo. Nikamwambia Mkuu kwamba gari halipati hewa.

"Basi fuata hewa inakopita," akasema. "Vumbi kwanza, mafuta ya pili, hosi ya tatu. Hivyo vitatu vikiwa salama, ndipo tutafute mwizi mwingine."

Nikafungua chujio la hewa, maana vumbi la tambarare zile, laini kama unga, huziba chujio kabla ya wakati wake. Lilikuwa safi. Nikamwaga chujio la mafuta kwenye chupa nikaangalia kama kuna maji, hakuna. Nikapapasa hosi za turbo zote kutafuta ufa, hakuna. Ndipo Mkuu akachukua tochi, akaniinamisha juu ya injini, akanionyesha kidude cha chuma kilichokaa katikati ya bomba la eksozi na njia ya kuingizia hewa.

Ile ndiyo vali ya EGR. Kazi yake ni kurudisha sehemu ya moshi ndani ya injini ukachanganyike na hewa mpya. Mtu anaweza kushangaa, moshi urudishwe wa nini. Moshi ule hauwaki tena, kwa hiyo unapoza moto wa ndani ya silinda, na moto ukipungua, sumu fulani zinazotoka kwenye bomba hupungua pia. Gari likienda polepole, vali hufunguka. Dereva akikanyaga mafuta kupanda mlima, inapaswa kufunga, ili injini ivute hewa safi tupu. Ikigoma kufunga, injini inapanda mlima huku inavuta moshi wake yenyewe. Kule kwetu juu hewa ni nyepesi tayari, kwa hiyo gari la namna hiyo ni kama mtu anayekimbia akiwa amejifunika shuka usoni.

Ikigoma kufunguka, mambo ni ya siri zaidi. Gari huvuta vizuri, dereva hana habari, ila injini hugonga kidogo na kupata joto kupita kiasi, na taa ya injini huwaka kwenye dashibodi. Kuna ugonjwa wa tatu, wa kipozeo cha moshi ule kutoboka ndani: maji ya rejeta yanapungua kila wiki, chini hakuna tone, na bomba linatoa moshi mweupe wenye utamu wa ajabu puani. Huo usiuchezee. Maji yakijaa silinda, injini imekwisha.

Vali za kwanza tulizoletewa zilifunguliwa kwa mvuto wa hewa kupitia kihosi chembamba. Mkuu alinifundisha kuchomoa kihosi, kukiziba kwa kidole na kuwasha injini. Bila mvuto, vali lazima ifunge. Moshi ukikatika, vali ni nzima na mkosaji ni kifaa kinachoupeleka mvuto huo. Moshi ukiendelea, basi imekwama wazi. Ya Lohay ilikuwa imekwama wazi.

Tulipoifungua nilidhani nimetoboa pipa la lami. Masizi yalikuwa yamechanganyika na mvuke wa oili yakaganda, na njia ya hewa ambayo ingepitisha ngumi ilikuwa imebaki tundu la kidole. Sababu ni kazi yenyewe. Gari la watalii huzunguka polepole siku nzima, husimama injini ikiwaka ili wageni wamtazame simba amelala, na halipati joto la kutosha kuchoma uchafu wake.

"Loweka," Mkuu aliniambia. "Usigonge, usikwangue kwa bisibisi. Kijiti cha mti na mswaki. Upande wenye nyaya usiuloweshe. Subira ndiyo spana ya kazi hii."

Baada ya kusafisha, tuliweka gasketi mpya, tukasafisha na njia ya hewa yote, maana kusafisha vali na kuacha bomba chafu ni kuoga na kuvaa nguo ileile. Kisha akamtuma Lohay apande Malanja kwa gia ya chini, injini ikivuta kwa nguvu, ili masizi yaliyobaki yaungue. Lohay alirudi anacheka peke yake ndani ya gari.

Madereva walipojua ugonjwa huo, wengi walitaka njia ya mkato. Njia yenyewe ni kukata kibati na kukiweka katikati ya bomba na vali, moshi usirudi tena daima. Katika gereji nyingi walikuwa wanafanya hivyo. Mkuu hakukubali hata siku moja.

"Kuziba si kutengeneza," alisema. "Mtu akikohoa humzibi mdomo."

Magari yalivyozidi kuwa na kompyuta, kazi ilihamia Arusha kwenye mashine za kuyasoma. Mafundi wetu wakaanza kupunguzwa. Mmoja alihamishiwa Arusha, mwingine akaenda kufungua gereji Mto wa Mbu, wa tatu akarudi Mbulu kulima, wa nne akaaga siku moja tu akaondoka na gari la mboga. Kila aliyeondoka alisema atakuja kututembelea. Hakuna aliyekuja, na siwalaumu. Nani atalipia geti la hifadhi kuja kunywa chai? Tukabaki wawili, Mkuu na mimi. Magari yalikuwa yanaziba masizi kila mara, na gari lisiloweza kupanda Malanja lisingefika Arusha. Vali ile ndiyo iliyonibakiza kazini, na ndiyo iliyoniacha kule.

Tulifanya kazi benchi moja, mimi upande wa dirisha, yeye upande wa mlango. Siku nyingine maneno yetu yote yalikuwa "lete", "shika" na "tayari". Sijui kama huo ulikuwa urafiki. Najua tu kwamba alipokwenda likizo, nilifungua redio kuanzia asubuhi nikaiacha ikiongea.

Masika moja, kambi ya wageni ikiwa imefungwa na magari yote yamepelekwa Arusha, kituoni tulibaki Mkuu, mimi, Lohay na mlinzi wetu, Mmasai wa Endulen. Gari lililokuwepo ni pikapu ya mizigo ya Lohay. Ilikuwa ya aina mpya zaidi, vali yake inaendeshwa na mota ndogo ya umeme, na mota hiyo ilikuwa imekufa. Tulikuwa tumeagiza nyingine, tukaambiwa tusubiri.

Asubuhi ile Mkuu alikuwa ananoa patasi. Nilisikia patasi inaanguka sakafuni. Nikadhani imemponyoka. Nilipogeuka, alikuwa anautazama mkono wake wa kulia kama mali ya mtu mwingine, na mdomo wake ulikuwa umevutwa upande mmoja.

"Mkuu!"

Alijaribu kujibu, sauti ikatoka bila maneno. Nilimdaka kabla hajafika chini. Mlinzi na Lohay walikuja mbio, tukamlaza kwenye benchi la mlangoni, tukamfunika blanketi.

Nikakimbilia redio. Meneja wa Usafirishaji alinijibu kutoka Karatu. Nilimweleza. Njia ya Endulen, kulikokuwa na hospitali ya karibu, ilikuwa imekatwa na korongo lililojaa maji tangu juzi yake, mlinzi alikuwa ameiona mwenyewe.

"Nitatuma gari sasa hivi," alisema Meneja. "Lakini kuna lori limekwama kwenye tope, kwenye kona za kupanda kutoka getini. Sijui litapita saa ngapi. Mna gari gani hapo?"

"Pikapu. Vali imekwama wazi, haipandi."

Nilisikia akimwambia mtu aharakishe gari.

"Fanyeni mnachoweza, Veronika. Na mtu asitoke kwenye redio."

Mlinzi akakaa kwenye redio, nami nikafungua vali ile. Ndani kulikuwa na jiwe la masizi limejikaza chini ya kifuniko kinachofunga njia ya moshi. Nililoweka, nikalibembeleza kwa kijiti, likatoka. Nikasafisha palipokaa, nikafunga kifuniko kwa kidole. Nilipoachia, kikadondoka na kubaki wazi. Springi yake ilikuwa imekatika, na mota haikuwa na uhai wa kukirudisha. Nikajaribu tena, kikadondoka tena. Lohay alikuwa amesimama nyuma yangu, nilisikia anavyopumua.

"Fundi," mtu akaita.

Alikuwa Mkuu. Alikuwa amegeuza kichwa kwenye benchi, ananitazama kwa jicho moja lililokuwa bado linamtii. Nikaenda nikapiga magoti karibu naye.

"Ziba," akasema. Neno lilitoka limepondeka, lakini nililielewa.

"Mkuu, wewe mwenyewe siku zote…"

"Ziba, Veronika."

Hakuwahi kuniita kwa jina kabla ya siku ile. Sikujua hata kama analikumbuka.

Nilikata kipande cha mfuniko wa pipa la oili kwa mkasi wa bati, maana bati la kopo lingeungua njiani. Nikalaza gasketi ya zamani juu yake, nikachora kwa msumari, nikatoboa matundu kwa drili ya mkono wakati Lohay amekishikilia kwa koleo. Nikasugua kingo kwa tupa, nikakipachika katikati ya bomba na vali, nikakaza nati. Nikamwambia Lohay awashe. Injini ikashika. Sailensa ikatulia kama maji ndani ya mtungi, na nyuma moshi ukawa mwembamba, wa kijivu, kisha ukapotea.

"Taa ya injini itawaka," nilimwambia. "Kompyuta itahisi kuna kitu hakipo, na itaweza kukunyima nguvu ghafla. Ikikunyima, simama, zima kabisa, hesabu polepole, washa. Itasahau kwa muda. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, dada."

Tulimweka Mkuu kiti cha mbele juu ya magodoro, mlinzi akajibana naye kumshikilia. Nilitaka sana kwenda. Lakini redio isingeachwa, na mtu wa kukaa nayo alikuwa mimi. Nilimfunga Mkuu kitenge changu kifuani ili baridi isimpate. Alijaribu kusema kitu, lakini Lohay alikuwa tayari ameingiza gia.

Ukungu uliwameza kabla hawajafika mbali. Nikabaki uani nasikiliza. Nilisikia wanashuka bondeni, kisha sauti ikanyanyuka, gia ya pili, gia ya kwanza, injini inavuta kupanda kuelekea ukingo wa kreta. Ilikuwa inavuta vizuri. Nilikuwa naijua kila kona kwa masikio. Walipofika mahali barabara inapokuwa kali, sauti ikalegea. Ikalegea zaidi. Ikanyamaza.

Sijawahi kusikia kimya kama kile. Hata ndege hawakulia. Nilisimama na spana mkononi nikiomba, na sala yangu yote ilikuwa, "Washa, Lohay. Washa."

Ikawaka. Ikaunguruma mbali, ndogo kama nyuki ndani ya kibuyu, ikapanda, ikapanda, kisha ikavuka ukingo na sikuisikia tena. Nikarudi ndani nikakaa karibu na redio.

Alasiri Meneja aliita. Lori lilikuwa limevutwa kando walipofika, wakakutana na gari la kutoka Karatu kule chini ya geti, lakini Lohay hakusimama kumhamisha mgonjwa, alipitiliza moja kwa moja. Mkuu amepokelewa hospitali ya Karatu, yu hai. Nikasema asante, nikaweka kipaza sauti chini, na hakukuwa na mtu wa kumwambia.

Mkuu alipona kwa kiasi. Maneno yalirudi, mengine yamechechemea. Mkono wa kulia haukurudi. Alikwenda kuishi kwa binti yake Karatu, nyuma ya soko. Kampuni ikanipa cheo chake. Nikawa Mkuu wa Karakana isiyokuwa na fundi mwingine. Likizo yangu ya kwanza nilimpelekea maziwa na asali. Alipokea asali kwa mkono wa kushoto, akauliza.

"Kibati. Umekitoa?"

"Nimekitoa, Mkuu. Vali mpya ilikuja, nimefunga mwenyewe."

Akaitikia kwa kichwa, akaegemea ukuta, uso umetulia. Tulikaa hivyo mchana kutwa, tukitazama watu wakipita kwenda mnadani. Binti yake alituletea chai mara mbili, akatuuliza kama tumegombana.

Nilimtembelea kila likizo hadi alipofariki. Msibani nilikaa viti vya nyuma pamoja na majirani. Mchungaji aliwataja ndugu, wana ukoo kutoka Singida, wazee wa kanisa. Mwanamke mmoja aliniuliza mimi ni nani wa marehemu. Nikasema tulifanya kazi pamoja.

Miaka iliyofuata sina mengi ya kuisimulia, kwa sababu ilifanana. Madereva vijana walikuja na kuondoka. Lohay alihamishiwa mbuga za kusini. Alinipigia honi ndefu mpaka ng'ambo ya bonde siku anaondoka. Wamasai waliopitisha ng'ombe walinisalimia "Takwenya", nami nikajibu "Iko", na siku nyingine hiyo ndiyo sauti yangu pekee iliyotoka. Nilianza kuitwa dada fundi, nikawa mama fundi, na mwishoni kijana mmoja mwenye miwani ya jua alishuka kwenye gari akasema, "Shikamoo bibi." Nikaitikia marahaba, nikaenda nyuma ya gari lake kunusa moshi. Usiku huo ndipo nilipojiangalia kwenye kioo vizuri.

Ninyi mnaonisoma, haya ndiyo ninayoweza kuwaachia. Mashine ikisema vali ni mbovu, bado angalieni vumbi, mafuta na hosi, maana kompyuta husema panapouma, si kila mara panapoanzia. Msigonge kilichoganda. Msizibe, ila pale ambapo uhai wa mtu uko upande wa pili wa mlima. Na mkiziba, rudini mkazibue. Mwambieni dereva anayetembeza gari polepole wiki nzima alipe gari hilo siku moja ya kupanda mlima kwa nguvu. Na mkipangiwa kituo cha mbali, jifunzeni majina ya wenzenu mapema, myatumie.

Nilipostaafu nilirudi Buger, kwenye kiwanja cha baba, jirani na nyumba ya kaka yangu na mkewe Martina. Kwao kumejaa watu: wana, wakwe, wajukuu, majirani wanaoingia bila hodi. Wiki za kwanza nilialikwa kula nao kila jioni. Nilikaa kwenye mkeka, sinia katikati, mikono ya watu wengi inaingia na kutoka, wote wanaongea kwa pamoja Kiiraqw na Kiswahili, nami sikujua niingize mkono wakati gani, wala niseme nini kwenye hadithi ambazo wote walikuwa wanazijua mwanzo wake. Siku moja nilichukua chakula changu kwenye sahani nikatoka nacho nje, nikakaa kwenye ngazi ya mlango wangu. Kesho yake nikafanya tena. Ikawa desturi.

Kisha jioni moja nilisikia kandambili za Martina kwenye njia. Alikuwa na sahani yake. Akajikunja, akakaa pembeni yangu kwenye ngazi, akavuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo.

"Kuna neno, wifi?" nikamuuliza.

"Hakuna," akasema. "Kula tu. Nimekuja kukaa."

Tukala. Ugali wake ulikuwa umepoa kidogo kwa ajili ya safari ya kuvuka ua. Kule ndani walikuwa wanacheka kuhusu jambo fulani, na yeye hakugeuka kusikiliza.